Sotoka, Mtunya na Homa ya Mafua Katika Ugogo

Wagogo wa nyika ya Kintinku, ambao kwao ng'ombe ndiye mahari, maziwa ya watoto na akiba ya kiangazi, walifikwa mwanzoni mwa miaka ya 1890 na sotoka, maradhi yaliyofyeka mazizi na kuwaacha matajiri mafukara.

Hawajatengemaa bado, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikawanyang'anya vijana kwa upagazi, pamoja na nafaka na mifugo. Mvua nazo zilipokatika, ikazuka njaa iitwayo Mtunya, 1917 hadi 1920, na ndani yake homa ya mafua ya 1918, iliyoenea ulimwengu mzima, ikaingia katika tembe zilizojaa watu waliokwisha kudhoofika.

Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani 2011. Ibra iliyobaki ni hii: ashibishaye wenye njaa amekwisha kupunguza makali ya tauni.