Dayosisi ya Masasi na Makabidhiano ya 1968

Kiti cha askofu wa Anglikana wa Masasi, kusini mwa Tanzania, kilikaliwa na Mwafrika kwa mara ya kwanza mwaka 1968, Trevor Huddleston alipong'atuka na Hilary Chisonga akapokea fimbo ya kichungaji. Dayosisi ilikuwa na umri wa miaka 42, na misheni iliyoizaa miaka 92. Muda wote huo walimu, mashemasi na mapadri Waafrika ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya kila siku, lakini uaskofu ulibaki mikononi mwa wageni. Historia ya Masasi haieleweki vizuri bila kuuliza, katika kila hatua yake, ni nani aliyekuwa akifanya kazi na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kumchagua kiongozi.

Misheni hiyo ilitokana na hotuba ya David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge tarehe 4 Desemba 1857. Wanavyuo walioguswa na maneno yake waliunda chama cha kimisheni kilichojulikana kwa kifupi kama UMCA. Kundi la kwanza, chini ya Askofu Charles Mackenzie, lilikwenda bonde la Mto Shire mwaka 1861. Vita na homa vikalishinda, na Mackenzie mwenyewe akafariki mwanzoni mwa 1862. Mrithi wake, William Tozer, aliona bara hapakaliki kwa wakati ule, akahamishia makao Zanzibar mwaka 1864. Wengi nyumbani Uingereza walimlaumu kwa uamuzi huo, lakini ndio uliookoa chama.

Zanzibar ilikuwa na soko kubwa la watumwa, na meli za kivita za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini na kuwashusha mateka pwani. Watoto kati yao walipelekwa misheni, wakasomeshwa Kiungani na Mbweni. Soko lilipofungwa mwaka 1873 misheni ilipata kiwanja pale pale sokoni, na kanisa kuu likaanza kujengwa juu yake. Askofu aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Edward Steere, mwanasheria na mwanaisimu ambaye vitabu vyake vya sarufi na hadithi za Kiswahili vilikuwa vimeanza kutoka tangu 1870. Steere alikabiliwa na swali zito. Waliokombolewa wakiwa watoto walikuwa sasa watu wazima, na kisiwani hapakuwa na ardhi ya kuwatosha. Wengi walikuwa wametolewa nchi za Ziwa Nyasa na Wayao, wakatembezwa kwa miguu hadi pwani. Steere akaamua kuwarudisha.

Mwishoni mwa 1876 alivuka nao hadi Lindi, akaanza safari ya kwenda bara na wanaume kwa wanawake zaidi ya hamsini. Nia ilikuwa kusogea karibu zaidi na ziwa. Walipofika Masasi, chini ya milima ya mawe inayoonekana kutoka mbali, waliikuta ardhi nzuri, wakataka kukaa hapo hapo. Steere aliwakubalia. Masasi basi ilichaguliwa na watu waliokuwa watumwa, na jambo hilo halipaswi kusahauliwa hata kama vitabu vingi vinamtaja askofu peke yake kuwa mwanzilishi. William Percival Johnson alibaki nao, na mwaka uliofuata akaja Chauncy Maples, aliyekuza kijiji kikawa na kanisa, shule na mashamba.

Kijiji hicho hakikudumu katika umbo lake la kwanza. Steere alifariki Zanzibar mwezi Agosti 1882. Wiki chache baadaye wapiganaji wa Kingoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba, wakaua na kuchukua mateka. Watu waliokwisha kuuzwa mara moja maishani mwao walijikuta tena mikononi mwa watekaji. Baada ya pigo hilo sehemu ya misheni ilihamia Newala kwa mtawala wa Kiyao, Matola, na wazo la koloni moja la Wakristo lilififia. Badala yake walimu walitumwa kukaa katika vijiji vya watawala mbalimbali. Uamuzi huo ulizaliwa na hofu, lakini ulilifaa kanisa kuliko mpango wa awali, kwa kuwa uliwatoa Wakristo ndani ya boma lao na kuwaweka kati ya Wamakua, Wayao na Wamakonde.

Mtu aliyeonyesha vizuri zaidi maana ya mabadiliko hayo ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyeingizwa utumwani akiwa mtoto na kulelewa na misheni Zanzibar, kisha akapelekwa kusoma Uingereza. Alipangiwa Chitangali, kwa mtawala Nakaam, mbali na usimamizi wa wazungu, na huko alijenga kanisa miongoni mwa watu wa kabila lake. Mwaka 1890 aliwekwa upadri na Askofu Charles Smythies, akawa padri Mwafrika wa kwanza wa UMCA. Kabla yake John Swedi alikuwa amepewa ushemasi mwaka 1879. Kwa kipimo chochote cha haki, kanisa lililokuwa na padri wa aina ya Majaliwa mwaka 1890 lingeweza kuwa na askofu Mwafrika ndani ya kizazi kimoja. Haikuwa hivyo. Majaliwa alirudi Zanzibar, na mapadri waliomfuata waliendelea kuitwa wasaidizi hata pale walipokuwa wakiongoza mitaa mizima peke yao.

Vita viwili viliwapima. Mwaka 1905 Majimaji ilifika Masasi, misheni ikachomwa, na wamisionari wakakimbilia pwani. Kisha ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani waliwafunga wamisionari wa Kiingereza, na mapadri na walimu Waafrika wakabaki na kanisa lote. Walibatiza, walizika na kufundisha katika nchi ambamo majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yakinyang'anya chakula na wapagazi. Mwezi Oktoba 1917 mapigano makali ya Mahiwa yalifanyika si mbali sana, katika bonde la Lukuledi. Vita vilipokwisha kanisa lilikuwepo bado. Huo ndio ulikuwa ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba lilikuwa na viongozi wake.

Mwaka 1926 Masasi ilikatwa kutoka Dayosisi ya Zanzibar ikawa dayosisi kamili, na Vincent Lucas akawa askofu wake wa kwanza. Lucas anakumbukwa zaidi kwa suala la jando. Katika makabila ya eneo hilo kijana asiyepita jandoni hakuhesabiwa mtu mzima wala hakupata mke kwa heshima. Wakristo walikuwa njia panda: kuwaficha watoto wao wasiende, kuwapeleka kwa siri, au kuwaacha waende katika jando la Waislamu. Lucas alikubali kuwe na jando la Kikristo. Kambi ya porini ilibaki, tohara ilibaki, mafundisho ya adabu na wajibu yalibaki. Tambiko kwa mizimu liliondolewa, na mahali pake pakawekwa sala za kanisa, maungamo na baraka. Kwa wasichana kukawa na mafunzo yaitwayo malango, yaliyopangwa kwa namna hiyo hiyo. Sifa za mpango huu zimemwendea Lucas kwa sababu ndiye aliyeuandika kwa Kiingereza. Lakini yeye hakuwa amepita jandoni. Waliojua kipi kibaki na kipi kitoke walikuwa mapadri wa Masasi wenyewe, miongoni mwao Kolumba Msigala, na bila wao mpango usingeweza kukaa hata msimu mmoja.

Lucas aliondoka mwaka 1944, wakafuata Leslie Stradling na Mark Way. Katika miaka hiyo dayosisi ilijulikana kwa hospitali na shule zake. Mkomaindo, mjini Masasi, ilihudumia wagonjwa wa wilaya nzima. Lulindi ilijengwa na daktari Leader Stirling, aliyefika mwaka 1935 na baadaye kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980. Shule ya Chidya ilitoa walimu, makarani na mapadri. Maaskofu wote watatu wa mwanzo, hata hivyo, waliteuliwa Uingereza.

Trevor Huddleston aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Masasi mwaka 1960. Alikuwa mtawa wa Jumuiya ya Ufufuo, na jina lake lilikwisha kuvuma kwa sababu ya Sophiatown, mtaa wa Johannesburg ambako alifanya kazi tangu 1943 na kupinga hadharani kubomolewa kwa nyumba za Waafrika. Kitabu chake cha 1956, Naught for Your Comfort, kiliifanya siasa ya ubaguzi wa rangi ijulikane kwa wasomaji wengi wa Ulaya. Kutoka jiji lile aliingia dayosisi ya barabara za mchanga, njaa za mara kwa mara na parokia zilizotengana kwa mwendo wa siku nzima. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikapata uhuru. Huddleston alikuwa rafiki wa Julius Nyerere na aliliunga mkono Azimio la Arusha la 1967, wakati ambapo baadhi ya watu wa makanisa waliliogopa. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, wakimbizi walivuka Ruvuma na kuingia katika eneo la dayosisi yake.

Hapakuwa na kosa wala ugonjwa uliomlazimisha kuondoka. Aliamini kwamba askofu wa kizungu katika nchi huru alikuwa anashikilia nafasi isiyo yake. Makanisa jirani yalikwisha kuonyesha njia: Yohana Omari alifanywa askofu msaidizi katika Tanganyika ya Kati mwaka 1955, na John Sepeku alikuwa askofu wa Dar es Salaam tangu 1965. Huddleston aliona Masasi isisubiri zaidi. Alirudi Uingereza kuwa askofu wa Stepney, mashariki mwa London, kisha Mauritius, na baadaye akawa rais wa harakati za kupinga ubaguzi wa rangi nchini Uingereza. Alifariki mwaka 1998.

Makabidhiano ya kiaskofu katika kanisa la Anglikana yana hatua zake, na kila hatua ina uzito. Askofu mteule huwekwa wakfu kwa kuwekewa mikono na maaskofu wengine, wasiopungua watatu kwa desturi ya zamani. Husimikwa katika kanisa kuu, ambalo kwa Masasi ni lile la Mtandi. Hubisha hodi mlangoni, hupokewa na makasisi na walei, hukabidhiwa fimbo na kukalishwa kitini. Askofu anayeondoka hana tena amri katika dayosisi, hata akibaki kupendwa. Huddleston aliliheshimu hilo kwa kwenda mbali kabisa, na mrithi wake akapata nafasi ya kuongoza bila kutazamwa begani.

Chisonga aliongoza hadi 1983, na kipindi chake kilikuwa kigumu kuliko sifa alizopewa zinavyoonyesha. Shule za misheni zilikuwa zikichukuliwa na serikali chini ya sheria ya elimu ya 1969. Fedha na wamisionari kutoka nje vilipungua, maana UMCA yenyewe ilikwisha kuunganishwa na chama kingine mwaka 1965. Mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia katika vijiji vya ujamaa, na waumini wengi walihama wakaacha makanisa ya zamani nyuma yao. Vita vya Msumbiji viliendelea ng'ambo ya mto hadi 1974. Katikati ya hayo, mwaka 1970, Jimbo la Tanzania liliundwa na Sepeku akawa askofu mkuu wake wa kwanza.

Baada ya Chisonga kiti kilikwenda mwaka 1984 kwa Richard Norgate, Mwingereza aliyekuwa ametumikia kusini kwa muda mrefu. Wako waliodhani hapo saa imerudishwa nyuma, lakini haikuwa hivyo. Lucas aliteuliwa kutoka Uingereza, ilhali Norgate alipatikana kwa utaratibu wa kanisa la Tanzania lenyewe, ambalo sasa lilikuwa huru kumpa kazi hiyo mtu yeyote liliyemwamini. Mwaka 1992 alimpisha Christopher Sadiki, na baada yake akaja Patrick Mwachiko. Mwaka 2009 dayosisi iligawanywa, na Newala, mahali ambapo Matola aliwapokea wakimbizi wa 1882, ikapata dayosisi yake na askofu wake.