Fizikia ya Mpemba: Kejeli Iliyogeuka Istilahi

Istilahi za sayansi zitumikazo katika Kiswahili ni za kukopa kwa sehemu kubwa. Ni chache mno zilizotoka kwetu zikaenda ng'ambo. Mojawapo ni jina la Erasto Mpemba, nalo lilianza kwa kuchekwa.

Mwaka wa 1963 Mpemba alisoma kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walizoea kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyagandisha yawe aiskrimu. Siku moja, kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, aliyatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, ilhali ya mwenzake, yasiyochemshwa, yalikuwa bado uji. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Rafiki aliyeuza aiskrimu mjini Tanga hakuona ajabu.

Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Tangu hapo akikosea hesabu, darasa likasema hiyo ni hesabu ya Mpemba. Kejeli hii, kwa lugha yo yote, hutegemea umiliki: kitu hupewa mtu mmoja ili kivuliwe ukweli.

Denis Osborne, mwalimu wa fizikia Dar es Salaam, alipoitembelea Mkwawa akaulizwa swali lile lile, wanafunzi wakacheka. Yeye aliahidi kulijaribu. Mwaka 1969 wakatoa makala pamoja katika jarida la Physics Education. Mshukiwa wa kwanza ni mvuke, ule upozao maji ya mtungi utokao jasho katika nyumba za Nachingwea. Lakini Osborne alipima akaona maji yapoteayo kwa mvuke hayatoshi kueleza tofauti ile.

Aristotle alikwisha kutaja jambo hili kale, jina halikumfuata. Mwaka 2016 Burridge na Linden, huko Uingereza, walipinga kuwa laonekana kweli katika maji. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, nchini Kanada, wakalionyesha katika chembe ndogo mno iliyo ndani ya maji, pasipo barafu yo yote. Wakaliita kwa jina lile lile.

Kwa mfasiri limebaki tatizo dogo. "Athari ya Mpemba", ikiandikwa hivyo tu, msomaji wa pwani atamtafuta mwenyeji wa kisiwa cha Pemba. Afadhali "athari ya Erasto Mpemba".