Mzazi Wako Ana Kipato Gani? Historia ya Swali Moja la Fomu

Wenzetu waliohamishiwa Marekani kutoka Nyarugusu na Kakuma, wakitaka kuingia chuo, wanakutana na fomu inayoitwa FAFSA. Ndani yake kuna swali linalowatoa jasho: kipato cha wazazi. Sasa kama mzazi yuko kambini, au mlipotezana njiani wakati wa vita, utajaza nini? Swali hilo lina historia yake.

Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Elimu ya Juu. Fikra iliyojengeka kwenye misaada hiyo ni kwamba mzazi ndiye wa kwanza kumsomesha mtoto, serikali inajazia panapopungua. Basi ikabidi kuamua nani bado yuko mikononi mwa mzazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulihesabiwa unajitegemea kama mzazi hakukuandika kwenye kodi yake, hukukaa kwake zaidi ya wiki 6 kwa mwaka, na hakukupa zaidi ya dola 750. Wiki 6, jamani! Nani alikuwa anazihesabu? Mwaka 1986 sheria ikabadilishwa, kipimo kikubwa kikawa umri: ukifikisha miaka 24, unajitegemea. Yatima nao wakaingizwa.

Mwaka 1992, ambao ndio FAFSA yenyewe ilizaliwa, mambo yalinyooka kwa wanaosoma zaidi ya digrii ya kwanza. Ukianza uzamili unajitegemea, uwe na miaka 22 au 40, hata kama bado unalala kwa mama. Ila hapa wengi wanateleza. Hiyo ni kanuni ya serikali kuu, ambayo kwa ngazi hiyo inatoa zaidi mikopo. Vyuo vingi vya udaktari wa tiba, vikigawa pesa zao wenyewe, bado vinauliza kipato cha wazazi, hata kwa mtu wa miaka 30. Kwa hiyo karatasi za familia usizitupe baada ya digrii ya kwanza.

Na yule ambaye bado hajafika 24? Sheria iliyopitishwa Desemba 2020, iliyoanza kuonekana kwenye fomu ya mwaka wa masomo 2024–25, inawataja wakimbizi waziwazi. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi au hifadhi, na hawezi kuwafikia wazazi wake, afisa wa misaada wa chuo anaweza kumhesabu kuwa anajitegemea. Nasema anaweza, siyo lazima. Unamwomba mwenyewe, na unapeleka ushahidi. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, barua yenu ina uzito mkubwa kuliko mnavyodhani. Msiandike tu kwamba kijana ana nidhamu. Andikeni mnamfahamu tangu lini, alitenganaje na wazazi, na wako wapi sasa kama inajulikana.

Kuna jambo moja ambalo miaka hii yote halijaguswa. Fomu inauliza pia wewe unamtunza nani, lakini wazazi na wadogo zako wanahesabiwa tu kama mnaishi nyumba moja. Kijana anayefanya kazi usiku na kutuma pesa kambini kila mwezi, mama ale na wadogo wasome, kwenye karatasi hiyo hana hata mtu mmoja anayemtegemea.