Kupima Hofu Isiyosemwa

Wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu. Neno hilo latufaa tunapoitazama historia ya kupima wasiwasi wa watoto wenye usonji, yaani wale ambao tangu utotoni huona taabu kuchangamana na wenzao, na hushikilia mazoea yao kwa nguvu.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 wa namna hiyo. Aliona jinsi walivyofadhaika jambo dogo lilipobadilishwa. Basi hofu ilionekana tangu mwanzo. Lakini kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa sehemu ya usonji tu, isiyohitaji kipimo chake. Mwaka 1978 Victor Lotter alitangaza uchunguzi wake katika miji 9 ya nchi 6 za Afrika, Kenya na Zambia zikiwamo. Yeye alitaka kujua kama usonji upo huku na una sura gani. Wasiwasi haukuwa shabaha yake.

Vipimo vya wasiwasi vilivyofuata vilitungwa kwa ajili ya watoto wasio na usonji. Mtoto huulizwa kama moyo humdunda ghafla, au kama huogopa kuwa peke yake. Je, asiyesema, au asiyeweza kuzitaja hisia zake, atajibu nini? Mwaka 2016 Jacqui Rodgers wa Newcastle, Uingereza, na wenzake walitoa hojaji ya maswali 24 kwa watoto wenye usonji, moja ya mtoto na moja ya mzazi. Humo waliingiza hofu ya mambo yasiyotabirika. Hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Sasa tugeukie ufuko wa Ziwa Mweru. Mwaka 2017 kituo cha Kenani, wilayani Nchelenge, kilipokea wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wakisema Kiswahili. Mwaka uliofuata makazi ya Mantapala yakafunguliwa. Tumfikirie mtoto mwenye usonji katika safari kama ile: nyumba, chakula, njia na sauti, vyote vimebadilika kwa siku chache. Mpimaji akimkuta kimya, aandike kuwa hana hofu?

Hapo ndipo kazi yetu walimu wa lugha inapoanza. Neno “wasiwasi” lina maana ya hofu, na pia shaka. Mama akiulizwa, “Mwanao ana wasiwasi?” aweza kujibu “Hapana,” akidhani anaulizwa habari ya shaka, ilhali mtoto hajalala usiku kucha. Afadhali aulizwe: Hulalaje? Hufanya nini mkibadili njia? Huziba masikio lini? Mama anayajua hayo kuliko mtaalamu yeyote.

Kwa hiyo hojaji haitoshi kufasiriwa neno kwa neno. Hapana budi kwanza tuwasikilize wazazi, tujue wao huitambuaje hofu ya mtoto asiyesema. Pishi iliyotoboka hupunja, hata mpimaji awe mwaminifu. Na anayepunjwa hapa ni mtoto asiyeweza kudai haki yake.