Ngamizi, TEHAMA na Fomu ya Chuo

Kiswahili kimewahi kuiita kompyuta "ngamizi". Neno limo kwenye kamusi, ila sijawahi kumsikia mtu akilitamka dukani wala ofisini. Sikio halikosi kulisogeza karibu na kuangamiza. Wenzetu Kenya wakashika "tarakilishi". Sisi tukabaki na kompyuta, kisha tukapata TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, kapu moja linalobeba fundi wa printa, mwandishi wa programu, mtu wa mitandao, hata yule anayefungua simu pale stendi.

Kapu hilo linawatesa vijana waliomaliza kidato cha sita. Kila msimu wa udahili napata ujumbe uleule kutoka Mpanda: "Shikamoo anko. Eti kati ya IT na Sayansi ya Kompyuta nichague ipi?" Mimi ni mwandishi wa habari, mashine si fani yangu. Basi huwa najibu kwa kitu ninachokipenda, historia.

Na swali lenyewe si dogo. Katavi ni mkoa kijana, ulizaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Mtoto wa huku anayetaka shahada ya kompyuta anafunga begi kwenda Dodoma, Iringa, Mbeya au Dar es Salaam. Mkopo wa Bodi ukija pungufu, mahindi yanauzwa. Akigundua mwaka wa pili kwamba kozi si yake, magunia hayarudi ghalani.

Tuanzie mbali kidogo. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutoa stashahada ya fani hii mwaka 1953, na Chuo Kikuu cha Purdue kikafungua idara ya kwanza ya Sayansi ya Kompyuta nchini Marekani mwaka 1962. Wengi wa waasisi walikuwa wanahisabati. Walitaka kujua ni tatizo gani linaweza kukokotolewa, na kwa hatua ngapi. Maneno "teknolojia ya habari" yana ukoo mwingine kabisa. Yalitumiwa mwaka 1958 na Harold Leavitt na Thomas Whisler katika jarida la Harvard Business Review, kwenye makala kuhusu mameneja na jinsi mashine zingebadilisha kazi yao. Moja ilizaliwa ubaoni, nyingine ofisini. IT kama shahada yenye mwongozo wake wa kimataifa ilikuja baadaye sana, mwaka 2008.

Sasa turudi nyumbani. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Mashine ilifika kabla ya watu wake. Kazi ilitegemea wataalamu wa kigeni, gharama zikapanda, hesabu za serikali zikavurugika. Mwaka 1974, mwaka uleule Katavi ilipofanywa hifadhi ya taifa, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini bila kibali maalumu. Ilichukua miaka mingi mlango huo kulegezwa.

Nikilisoma tukio hilo naona pengo mbili. Hatukuwa na watu wetu wa kutosha wa kuandika na kurekebisha programu, ambayo ni kazi ya karibu na Sayansi ya Kompyuta. Wala hatukuwa na watu wa kuiunganisha mashine na ofisi, kumfundisha karani, kutunza kumbukumbu na kuhakikisha kesho asubuhi kazi inaendelea. Hiyo ndiyo IT. Anayesema IT ni kozi ya waliofeli hesabu hajui hasara tuliyoipata kwa kuikosa.

Iringa walilielewa hilo. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Tumaini, kilichopo Iringa, kilianzisha shahada ya IT kwa kushirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Joensuu, Finland. Badala ya kunakili mtaala wa Ulaya, walianza na mazingira ya hapa: umeme unaokatika, vumbi, ofisi yenye mtaalamu mmoja anayeitwa kwa kila tatizo. Mtu wa Mpanda, mji ulioishi miaka mingi kwa jenereta za TANESCO, hahitaji kuelezwa zaidi.

Halafu tazama Wizara ya Fedha ileile. Mwaka 2017 ikaanza kutumia GePG, mfumo wa malipo ya serikali uliotengenezwa na wataalamu wa ndani. Leo mfanyabiashara wa mpunga hapa Mpanda anapewa namba ya malipo, analipa kwa simu, anaondoka. Nyuma yake kuna aliyeandika programu na kuna anayehakikisha seva hailali. Hakuna anayemuuliza mwenzake alisoma shahada gani.

Hata matangazo ya ajira yako hivyo. Serikali ikitafuta Afisa TEHAMA wa halmashauri, kwa kawaida inakubali Sayansi ya Kompyuta, IT na fani zinazofanana nazo. Kwa hiyo jina la shahada likishafika halmashauri linaingia kapu lilelile. Tofauti inabaki kwenye ulichobeba kichwani.

Jibu langu basi ni hili. Kama umesoma Hisabati ya juu na swali gumu linakunyima usingizi kwa raha, nenda Sayansi ya Kompyuta. Mara nyingi ni rahisi zaidi kutoka huko kuingia kazi za IT kuliko kurudi nyuma kutafuta hisabati uliyoiruka. Kama unachopenda ni kuona ofisi, hospitali au ghala likifanya kazi vizuri, chagua IT, na usimwombe mtu radhi.

Ila kumbuka reli yetu. Tawi la kutoka Kaliua, kilometa 210 hivi, lilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ukafungwa 1960. Reli ikabaki, ikabeba watu na magunia. Programu inayotamba leo inaweza kufungwa kama mgodi ule kabla hujavaa joho. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu au minne kutoka kila chuo. Hesabu ni mangapi yanafundisha misingi: hisabati, algoriti, kanzidata, mitandao. Vyuo viwili vinaweza kutumia jina moja kwa kozi mbili tofauti, na hilo utaliona kwenye orodha.