Vitabu vya Buhaya na Sauti ya Nanga

Nchi ya Wahaya, ufukweni magharibi mwa Ziwa Viktoria, imeandikiwa vitabu vingi. Msomaji akivipanga kwa miaka yake ataona kwamba kila mwandishi aliifuata nchi hiyo kwa haja yake: huyu utawala, huyu sheria, huyu waumini. Aliyechelewa kutafutwa ni mshairi.

Mjerumani Hermann Rehse alichapisha Kiziba: Land und Leute mjini Stuttgart mwaka 1910. Kiziba ni dola ya kale kaskazini ya Bukoba, kuelekea mpaka wa Uganda. Kitabu hicho kina bidii kubwa ya kutazama, na mwanahistoria hawezi kukiruka. Lakini jicho lake ni la mtu ahesabuye vyombo vya nyumba aliyokwisha kuitwaa.

Francis Xavier Lwamgira aliandika kutoka ndani, kwa Kihaya: Amakuru ga Kiziba, 1949. Humo Wakama wana nasaba zao, ugomvi wao na maamuzi yao. Hawakuanza kuishi siku Mzungu alipowaona. Kasoro yake ni ile ile ya habari za wafalme wa Pate na Kilwa: mtawala anasikika, mwenye shamba la migomba hasikiki.

Customary Law of the Haya Tribe, cha Hans Cory na M. M. Hartnoll (1945), kiliziweka mila katika aya zenye nambari. Uwazi wake unafaa. Ubaridi wake unadhuru. Desturi ambayo wazee waliweza kuipima upya kwa kila shauri iligandishwa karatasini.

Bengt Sundkler, Msweden aliyekuwa askofu wa Kilutheri wa Bukoba mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndiye anayesomeka kwa raha kuliko wote hao. Bara Bukoba, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1980, kina joto la mtu aliyekaa na watu. Hata hivyo, ni nchi iliyotazamwa kutoka mlangoni mwa kanisa.

Mwaka huo huo wa 1980 Peter Seitel, Mmarekani, alitoa See So That We May See. Hadithi za Kihaya alizipanga kwa mistari, akaonyesha kwa chapa mahali msimulizi aliponyamaza na alipopaza sauti. Hapo ndipo msimulizi alipohesabiwa kuwa msanii.

Aliyekwenda mbali zaidi ni M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera. Tasnifu yake ya mwaka 1986, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilihusu tendi za nanga. Nanga hii si ya chombo. Ni ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochongwa mfano wa hori, naye malenga huimba akiipiga. Rukiza na Kachwenyanja ni miongoni mwa tendi hizo.

Jambo hili linaugusa moja kwa moja ugomvi uliowagawa washairi wa Kiswahili katika miaka ya 1970. Mulokozi na K. K. Kahigi walipotoa Malenga wa Bara (1976), jina lenyewe lilimkumbusha msomaji Malenga wa Mvita wa Ahmad Nassir. Baadhi ya mashairi yao, kusema kweli, yamezidiwa na ujumbe. Lakini shutuma kwamba utungo usio na vina ni mgeni kutoka Ulaya haisimami mbele ya nanga. Bara lilikuwa na ushairi wake, usiofungwa na vina vya mwisho, kabla ya mashua ya kwanza ya Mzungu kuelea ziwani. Wala hapo pasiwe na kimbilio la wavivu: nanga ina sheria zake za pumzi, uzi na kumbukumbu.

Mulokozi huyo huyo alihariri Tenzi Tatu za Kale (1999), akazitumikia Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Mwana Kupona kwa uangalifu wa mtu wa nyumbani. Wapenzi wa ushairi wa Unguja, Lamu na Mombasa wanamwia deni: kuisoma nanga kwa makini yale yale. Tasnifu ya Kiingereza haitawafikia wengi wao. Kifaacho ni kitabu chenye Kihaya ukurasa huu na Kiswahili ukurasa ule, na juu ya kila utendi, jina la aliyeuimba.