Siri ya pumzi ndefu: Kila aina ya mbio ina kazi yake

ALFAJIRI katika barabara za vumbi za Iten na Kaptagat, mgeni hustaajabu kuwaona mabingwa wa dunia wakianza mazoezi kwa mwendo wa polepole kabisa. Wengi wanaotamani kuwaiga hukimbia kwa kasi kila siku, wakaumia kabla ya pumzi yao kuimarika. Hawajui kwamba kila zoezi hujenga sehemu yake ya mwili.

Mbio za taratibu ndizo msingi. Mkimbiaji huenda kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza bila kuhema. Baada ya wiki kadhaa, moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, nayo mishipa midogo ya damu huongezeka katika misuli.

Mbio ndefu hufuata kanuni iyo hiyo, ila hufunza misuli kutumia mafuta ili kuhifadhi sukari. Katika kambi ya Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge alinolewa na kocha Patrick Sang, siku ya Alhamisi ilitengewa kilomita 30 au 40.

Aina ya tatu ni mbio za kasi ya kadiri, za dakika 20 hadi 40 bila kusimama. Hizi humwezesha mwanariadha kudumisha kasi kubwa zaidi kabla miguu haijalemewa na uchovu.

Mbio za vipande ni kali zaidi: dakika tatu hadi tano za kasi, kisha mapumziko mafupi, na kurudia. Huinua kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia.

Ipo pia fatileki, iliyobuniwa na kocha Gösta Holmér wa Uswidi katika miaka ya 1930, ambapo mkimbiaji hubadilisha kasi akiwa njiani bila kusimama.

Iten, iliyo mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, huongeza faida nyingine: hewa haba huuchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni.

Hata hivyo, mwinuko pekee haumtoi bingwa. Anayeanza atenge siku moja au mbili za kasi kwa wiki, zilizobaki ziwe za taratibu na mapumziko. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame na kumwona daktari. Mwili huimarika unapopumzika, wala si unapoteswa.